Chipsi za nyama ya pilipili na jibini: jinsi ya kuzimwagia rojo zisilegee

Chipsi zilizomwagiwa nyama ya kusaga yenye pilipili, kisha jibini la moto juu yake, ni chakula cha vurugu. Kila kitu kimerundikwa juu ya kingine, sosi inateremka pembeni, uma unazama na kuibuka na nyuzi za jibini. Anayezipika nyumbani kwa mara ya kwanza hukutana na balaa lilelile: baada ya dakika tano mezani chipsi zimekuwa teketeke, chini ya sahani kuna dimbwi jekundu, na jibini limejitenga, mafuta kivyake na chengachenga kivyake.

Mchawi ni maji. Maji yaliyomo ndani ya kiazi, maji ya nyanya, maji ya maziwa kwenye sosi, na mvuke unaokwama chini ya rundo la chipsi. Ukiyatoa maji hayo mahali pasipotakiwa na kuyaacha pale yanapotakiwa, chakula hiki kinavumilia hadi sahani iishe. Viungo ni sehemu rahisi ya kazi.

Nyama yenyewe, ambayo Wamarekani huiita chili, asili yake ni Texas. Mwishoni mwa karne ya 19 akina mama wa San Antonio walikuwa wakiiuza usiku kwenye viwanja vya mji, na mwaka 1893 mji huo ulipeleka banda lake la chili kwenye maonyesho ya dunia ya Chicago. Mwaka 1977 jimbo la Texas liliifanya kuwa chakula chake rasmi. Wanaoshikilia mapishi ya asili huko hawataki kusikia habari ya maharage ndani ya chungu cha chili. Waache na msimamo wao. Kwa chili ya kumwagia juu ya chipsi, maharage kidogo yaliyopondwa yana kazi maalumu, tutaiona mbele.

Mahitaji ya watu 4

Chipsi: viazi kilo 1.2 vyenye unga mwingi, siki nyeupe vijiko vikubwa 2, chumvi, mafuta ya kukaangia lita 1.5 hadi 2.

Chili: nyama ya ng'ombe ya kusaga gramu 500, isiwe kavu kabisa, iwe na mafuta kiasi, kitunguu maji 1 kikubwa, kitunguu saumu punje 4, nyanya ya kopo nzito vijiko vikubwa 2, nyanya zilizosagwa gramu 200, supu au maji kikombe 1, maharage mekundu yaliyokwisha kuiva kikombe 1, paprika (unga wa pilipili nyekundu isiyo kali) vijiko vikubwa 2, bizari nyembamba ya unga vijiko vya chai 2, oregano kavu kijiko cha chai 1, pilipili kali ya unga nusu kijiko cha chai, siki au maji ya ndimu kijiko kikubwa 1, chumvi. Ukipenda, nusu kijiko cha chai cha kakao isiyo na sukari. Haitaleta ladha ya chokoleti, inaongeza kina na rangi tu.

Jibini: cheddar gramu 250, maziwa ya kopo yasiyo na sukari mililita 200, kornflawa vijiko vya chai 2.

Vya juu: majani ya vitunguu yaliyokatwa, pilipili zilizolowekwa kwenye siki, krimu chachu au mtindi mzito, giligilani.

Jambo moja kabla hujafungua kabati la viungo. Mapishi mengi ya Kimarekani yanataja vijiko viwili au vitatu vya unga wa chili. Unga huo ni mchanganyiko wa pilipili isiyo kali sana, bizari nyembamba, kitunguu saumu na oregano. Mtu akichukua kipimo hichohicho kwa pilipili kali tupu ya unga, hakuna atakayekula. Orodha ya hapo juu imeshautenganisha mchanganyiko huo, kwa hiyo ukali unauongoza mwenyewe kwa ile nusu kijiko, na paprika inabeba rangi na harufu.

Anza na chili, hata siku moja kabla

Chili ndiyo inayochukua muda mrefu, na ikilala usiku mmoja kwenye friji viungo vinakolea zaidi. Tena ikiwa baridi, mafuta huganda juu na unaweza kuyaengua unavyotaka. Kwa hiyo anza nayo, usianze na viazi.

Pasha sufuria nzito hadi iwe moto sana. Weka nyama nusu kwanza, itandaze, kisha iache. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea: wanakoroga tangu sekunde ya kwanza, nyama inatoa maji yake, inachemka ndani ya maji hayo na kubaki na rangi ya kijivu. Iache dakika tatu au nne bila kuigusa. Sauti ndiyo itakayokuelekeza. Mwanzoni kuna sauti nzito ya maji yanayochemka. Maji yakiisha, sauti inageuka kuwa ya kukaanga, kali na ya haraka. Ndipo uigeuze kwa mwiko bapa. Utaona upande wa chini umeshika rangi ya kahawia na chini ya sufuria kumejitokeza ukoko. Usiuonee uchungu ukoko huo wala usiuoshe, ndani yake ndimo ilimo ladha ya nyama. Itoe, kaanga nusu iliyobaki vivyo hivyo.

Acha mafuta kama vijiko viwili vikubwa sufuriani, mengine yamwage kwenye chombo cha kuyatupia. Punguza moto uwe wa wastani, tia vitunguu na chumvi kidogo, kaanga hadi vilainike na kuanza kuwa vya manjano. Ongeza kitunguu saumu, halafu viungo vyote vya unga. Viungo hivi vinahitaji mafuta ya moto ili vitoe harufu, lakini ni dakika moja tu. Paprika huungua upesi na ikiungua inakuwa chungu, hakuna cha kuirekebisha. Harufu ikipanda, tia nyanya ya kopo nzito na uikaange dakika mbili, mpaka wekundu wake mkali ugeuke wa matofali na mafuta yaanze kujitokeza pembeni.

Sasa rudisha nyama, mimina nyanya zilizosagwa na supu, ukwangue ule ukoko wote kwa mwiko. Ikichemka, shusha moto na uiache itokote polepole dakika 45 hadi saa nzima bila mfuniko. Mfuniko unarudisha mvuke sufuriani, nasi tunataka mvuke uondoke.

Maharage yaingie dakika 15 za mwisho. Chukua nusu yake uyaponde kwa uma kabla ya kuyatia. Wanga wake unashika maji yaliyobaki na kuifanya rojo ishikamane na nyama badala ya kuteremka. Kama unatumia maharage makavu mekundu, yaloweke saa zisizopungua tano, mwaga maji ya kulowekea, kisha yachemshe kwa moto mkali uliochachamaa angalau dakika 10 kabla ya kushusha moto yaive taratibu. Maharage haya yakiwa hayajaiva vizuri yana sumu ya asili inayoleta kichefuchefu na kutapika, na moto mdogo wa sufuria ya umeme ya kupikia polepole hautoshi kuiangamiza. Ya kopo yamekwisha pikwa, yasuuze tu.

Utajuaje imefika? Kwa chili ya kula na kijiko, ungeishia mapema. Hii ni ya kumwagia juu ya chipsi, kwa hiyo inataka uzito zaidi. Weka kijiko kimoja katikati ya sahani baridi, iinamishe kidogo, subiri nusu dakika. Kama kuna maji mekundu yanayochuruzika kutoka kwenye kilima hicho, endelea kupika. Kama kilima kimesimama na pembeni kuna mng'ao mdogo wa mafuta tu, zima moto. Kipimo kingine ni kupitisha mwiko chini ya sufuria: njia unayoichora ibaki wazi kwa sekunde mbili tatu kabla ya rojo kuifunika.

Malizia na siki au ndimu, uonje. Usijaze chumvi sasa. Jibini lina chumvi, chipsi zitatiwa chumvi, na pilipili za siki zina chumvi yake pia.

Ikiwa imekuwa kali kupita kiasi, usiongeze maji. Kemikali inayoleta ukali wa pilipili haiyeyuki vizuri kwenye maji, huyeyuka kwenye mafuta. Ongeza maharage au nyanya kupunguza ukali, na tegemea jibini na krimu mezani. Maziwa hutuliza ulimi kuliko bilauri ya maji. Ukitumia pilipili mbichi, ukali mwingi umo kwenye utando mweupe unaoshikilia mbegu. Ukwangue kabla ya kukata, na usijifikiche macho.

Wasiokula nyama: uyoga uliokatwa vipande vidogo sana na kukaangwa mpaka ukauke kabisa, pamoja na maharage vikombe viwili, unafanya kazi nzuri. Uyoga una maji mengi, kwa hiyo usiwe na haraka nao.

Viazi

Kiazi cha chipsi za aina hii ni kile ambacho kikichemshwa hupasuka na kuwa cha unga. Viazi vyenye ngozi laini inayong'aa, vinavyobaki vigumu hata kwenye saladi, vina maji mengi na wanga kidogo. Ukivikaanga hulegea upesi. Walioko Marekani hutumia Russet, Waingereza huipenda Maris Piper. Popote ulipo, uliza viazi vya kukaanga au vya kuponda.

Usivihifadhi kwenye friji kabla ya kukaanga. Kwenye baridi sehemu ya wanga hugeuka sukari, na sukari hiyo huungua kwenye mafuta: chipsi zinakuwa za kahawia nje huku ndani bado, na ladha yake ina uchungu. Kabati lenye giza na hewa linatosha.

Menya, kata vipande vya unene wa sentimita 1. Nyembamba sana hazitabeba nyama, zitavunjika. Nene sana zinabaki na ndani kubwa laini inayotoa mvuke muda mrefu. Zioshe kwenye maji baridi ukibadilisha hadi maji yawe maangavu. Wanga ule mweupe wa juu ndio unaozifanya zigandamane na kuungua kabla ya kuiva.

Kisha zichemshe. Ndiyo, zichemshe kabla ya kukaanga. Sufuria ya maji lita 2, vijiko viwili vikubwa vya siki, kijiko kimoja kikubwa cha chumvi, viazi viingie maji yakiwa baridi. Yakianza kuchemka, hesabu dakika 8 hadi 10. Siki huzuia viazi visisambaratike, kwa hiyo vinaiva kabisa bila kuvunjika. Vitoe ncha ya kisu ikipenya bila ubishi. Vitandaze kwenye kitambaa safi, kimoja kimoja, visilaliane, viache vifuke mvuke hadi viwe vikavu vikiguswa. Ule mvuke unaouona ukipanda ni maji ambayo hayatakuja kukusumbua kwenye karai.

Kukaanga mara mbili

Mafuta yawe yaliyosafishwa, ya alizeti, karanga au mahindi, na yasizidi nusu ya kimo cha sufuria. Viazi vikiingia mafuta hufura na kupanda. Sufuria iliyojaa itafurika hadi kwenye moto. Weka mfuniko wa sufuria hiyo karibu na mkono kabla hujawasha jiko. Mafuta yakishika moto, zima jiko, funika, usiisogeze sufuria. Usithubutu kumwagia maji.

Mkaango wa kwanza ni wa nyuzi 150 hadi 160 za Selsiasi, dakika tano hivi. Lengo ni kujenga ngozi, rangi isubiri. Chipsi zitoke zikiwa zimefifia, kavu juu, na ukizigonganisha zinasikika kidogo. Kama huna kipimajoto, tumbukiza kipande kimoja: kikizama na kutoa mapovu madogo ya taratibu, joto ndilo. Kaanga kwa mafungu matatu au manne, kwa sababu viazi vingi kwa mpigo hushusha joto la mafuta na kuyanywa.

Zipumzishe nusu saa. Hapa unaweza pia kusimama kabisa: zikipoa, zigandishe kwenye friza zikiwa zimetandazwa, kisha uzitie kwenye mfuko wa kuhifadhia. Kuganda hutoboa vijitundu ndani ya kiazi ambavyo husaidia unyevu kutoka kwenye mkaango wa pili. Hiyo ndiyo sababu chipsi za friza za dukani, zilizokwisha kaangwa mara moja kiwandani, hutoka vizuri. Sioni aibu yoyote kuzitumia. Siku ambayo chili imekula saa nzima, pakiti ya friza ni ya heshima. Zitie kwenye mafuta au oveni zikiwa bado zimeganda, usiziache ziyeyuke.

Mkaango wa pili ni wa nyuzi 190, dakika mbili hadi tatu na nusu, nao usubiri hadi chili iwe moto na sosi iwe tayari. Kwenye joto hili kipande kinaelea mara moja na mapovu ni makali. Zitoe zikiwa na rangi ya manjano iliyokolea. Zikifikia kahawia nzito, umechelewa, na uchungu wake utausikia hata chini ya nyama. Zimwage kwenye wavu wa chuma uliowekwa juu ya trei, nyunyiza chumvi kidogo papo hapo. Ukizirundika juu ya karatasi kwenye bakuli, za chini zinapikwa upya na mvuke wa za juu na jasho lote la jikoni linakwenda bure.

Kwa wasiotaka karai la mafuta: baada ya kuchemsha na kukausha, zichanganye na vijiko vitatu vya mafuta, zitandaze kwenye trei iliyokwisha kupata moto, oveni nyuzi 220, dakika 35 hadi 40, ukizigeuza mara moja katikati. Kikaangio cha hewa nacho ni nyuzi 200, dakika 20 hivi, kikapu kisizidi nusu. Zitakuwa nzuri, ila ngozi yake ni nyembamba kuliko ya mkaango mara mbili, kwa hiyo punguza kiasi cha nyama utakayomwaga.

Jibini: liwe la aina mbili za matumizi

Nunua kipande kizima ukikwaruze mwenyewe. Jibini lililokwisha kukwaruzwa kiwandani hupakwa unga wa kulizuia lisishikamane, na unga huohuo hulifanya liyeyuke kwa shida. Cheddar changa au ya umri wa kati ndiyo ya kutafuta. Iliyokaa sana ina ladha kali ya kupendeza lakini imepoteza unyevu, ikipata moto hutoa mafuta na kuacha chengachenga. Mozzarella huyeyuka vizuri na kuvutika, ila ladha yake ni ndogo mno mbele ya chili. Ichanganye na cheddar, usiitumie peke yake. Paneer na halloumi ziache kabisa kwa kazi hii, haziyeyuki hata uzibembeleze.

Gawa gramu 250 zako: 100 zibaki hivihivi, 150 ziwe za sosi.

Hizo 150 zikoroge na kornflawa hadi kila uzi wa jibini upakwe. Pasha maziwa ya kopo kwa moto mdogo hadi yaanze kufuka, yasichemke. Tia jibini konzi moja, koroga hadi liyeyuke, ndipo utie konzi nyingine. Likiisha lote, endelea kukoroga dakika mbili tatu; kornflawa itaanza kazi na sosi itashika uzito. Maziwa ya kopo yamepunguzwa maji na yana protini nyingi zinazosaidia mafuta ya jibini yasijitenge, kwa hiyo huna haja ya kuanza na unga na siagi.

Sosi ikianza kuonyesha mafuta juu, moto umezidi. Iondoe jikoni, ongeza kijiko cha maziwa ya moto, ikoroge kwa nguvu. Mara nyingi inarudi. Iliyokwisha kuwa chengachenga kavu haisikii dawa. Uzito unaotakiwa ni ule unaoufunika mgongo wa kijiko na ukipitisha kidole njia inabaki. Ikisubiri itazidi kuwa nzito, na hilo linarekebishwa kwa maziwa kidogo.

Kupanga

Ratiba inakwenda hivi: chili imekwisha na iko kwenye moto mdogo kabisa, oveni ina moto upande wa juu, vya juu vimekwisha kukatwa, sosi iko tayari, walaji wameshanawa. Ndipo mkaango wa pili unapofanyika. Chipsi zikisubiri watu, umepoteza.

Tumia trei pana au sahani bapa kubwa. Bakuli lenye kina linapendeza kwenye picha, lakini linafungia mvuke, na watu wakifika nusu wanakuta chipsi tupu zilizoloa.

Tandaza nusu ya chipsi. Nyunyizia nusu ya lile jibini la kukwaruza moja kwa moja juu yake zikiwa bado zinafuka. Linayeyuka kwa joto la chipsi zenyewe na kuzivika koti la mafuta ambalo rojo haipenyi kirahisi. Weka chili kwa vijiko, hapa na pale, uache mapengo. Rudia: chipsi, jibini, chili. Safu mbili ndizo zinazofanya anayekula mwisho apate alichopata wa kwanza. Ingiza trei chini ya moto wa juu dakika moja au mbili, ukisimama palepale, kwa sababu jibini hutoka kuyeyuka hadi kuungua ndani ya muda wa kujibu simu.

Ikitoka, mimina sosi ya jibini kutoka juu kwa mistari, usiifunike trei nzima. Acha ncha za chipsi pembeni zibaki kavu, ndizo za kushika kwa mkono. Halafu vitu vya baridi, baada ya oveni, kamwe si kabla: majani ya vitunguu, giligilani, pilipili za siki zilizochujwa vizuri. Uchachu wa pilipili hizi usiuruke. Nyama, mafuta na jibini vikikutana bila kitu kichachu, mtu anakinai baada ya uma wa tano. Krimu au mtindi iweke kwa matone, au kwenye kibakuli pembeni. Parachichi lililokatwa vipande linakubali. Nyanya mbichi sizipendekezi, ukitaka lazima zitolewe mbegu na maji yake.

Chili isizidi vikombe viwili na nusu kwa kiasi hiki cha chipsi. Itakayobaki ipeleke mezani kwenye bakuli lake, atakaye zaidi ajiongezee. Ukiwa na wageni wanaofika kwa zamu, au watoto wasiotaka pilipili, usipange kabisa: weka kila kitu pembeni kwenye chombo chake, na kila mtu ajimwagie kwenye sahani yake.

Mabaki

Vilivyobaki bila kuchanganywa ni mali. Chili ipoze, iingie friji ndani ya saa mbili, itakaa siku tatu hadi nne. Kwenye friza miezi miwili mitatu haina neno. Ukiipasha, ichemke hadi katikati. Sosi ya jibini ipashe kwa moto mdogo na maziwa kidogo. Chipsi zirudi oveni nyuzi 200 dakika tano sita. Mikrowevu huzifanya kuwa ngozi.

Zilizokwisha kumwagiwa hazirudi kuwa chipsi. Zikate vipande kwa mwiko ndani ya kikaango cha moto, zishindilie, ziache zishike ukoko upande wa chini, vunjia mayai mawili juu na ufunike hadi ute mweupe ushike. Mafuta ya kukaangia, yakipoa kabisa, yachuje kwa kitambaa na uyatunze kwenye chupa iliyofungwa mahali penye giza. Yanatumika tena mara chache. Yakianza kutoa moshi mapema, kutoa povu au kunuka, yatupe, ila usiyamwage kwenye bomba la sinki.